Nimetumwa umisionari Kigoma mjini, wenyeji niambieni huku mtu anaanzia wapi

Kijana wa Tukuyu

Wakuu heshima yenu, shikamooni wakubwa zangu wote humu.

Mimi kijana wa miaka 22, kwetu Tukuyu, kanisa limenituma umisionari wa mwaka mmoja hapa Kigoma mjini pamoja na mwenzangu mmoja wa Dodoma. Tumepanga chumba na sebule huku Gungu, si mbali sana na stendi ya Masanga. Nilikuja kwa basi kupitia Sumbawanga na Mpanda, mgongo mpaka leo haujanisamehe.

Sasa niende kwenye hoja. Nikiwa nyumbani ukinitajia Kigoma mimi kichwani inakuja dagaa, mawese na treni, basi, nilijua naenda sehemu ndogo yenye ziwa. Nimekuta mji bana. Hii nyumba tu tuliyopanga, mlango wa kwanza yupo mama wa Kiha wa Kasulu anauza mawese kwa vidumu, wa pili fundi simu Msukuma, wa tatu familia ya Kibembe ambayo nusu ya ndugu zao wako Fizi ng'ambo ya ziwa, mwenye nyumba ni mzee Mmanyema wa Ujiji anakuja kuchukua kodi na kanzu yake na kofia imenyooka, halafu dukani pale mbele Mchaga. Alfajiri naamshwa na adhana, jua likichomoza kwaya ya Wakongo nyuma ya nyumba wanaanza mazoezi na magitaa yao, Jumamosi Wasabato wanapita wamependeza, Jumapili kengele. Hapo katikati nitoke mimi na Biblia yangu na shati jeupe nikamwambie nani nini ambacho hajawahi kusikia?

Kwenye semina tulifundishwa ingia mtaa, gonga, salimia, toa ushuhuda, omba, chukua namba ya simu, nenda mlango wa pili. Kwetu Tukuyu hiyo ilikuwa inaenda maana kila mlango una shangazi. Huku tunapokelewa vizuri mpaka naogopa, kiti unapewa, maji unapewa, kuna nyumba walitulisha migebuka, wale samaki wa ziwani, na ugali wa muhogo tukashindwa kuinuka, wanasikiliza mpaka mwisho wanasema amina au wanasema inshallah karibuni tena, halafu basi. Hakuna anayekataa wala anayekubali. Sijui hata niandike nini kwenye ripoti ya kanisa.

Juzi Ujiji tumekaa kwenye baraza moja la kahawa, mzee mmoja kaniuliza kijana, mwenyeji wako hapa nani? Nikamjibu kanisa. Akasema kanisa si mtu, nakuuliza mtu. Nikakosa jibu. Akanilipia kahawa lakini lile swali limenikaa.

Mengine ni madogo madogo. Mama wa mawese akinisalimia anapiga makofi taratibu huku kainama kidogo na salamu haiishi, mimi nasimama kama mlingoti sijui mikono niiweke wapi. Mwenzangu yeye anasema tunapoteza muda, anataka tuazime spika tufanye mkutano sokoni Mwanga. Mimi moyo unasita ila sina hoja ya kumpa. Na jioni ndo kubaya, giza likiingia nakumbuka kwetu mpaka ndizi, nyie acheni.

Wenyeji na mliowahi kutumwa kama mimi, mnishauri. Naanzia wapi?

---

Mwana Kasingirima

Karibu mwisho wa reli dogo. Mimi Muislamu, nimezaliwa Ujiji nimekulia Ujiji, usishangae kuona nimewahi kujibu kuliko Wakristo wenzako, hilo swali la mzee linatuhusu sisi.

Kwanza nikupe historia kidogo maana naona umekuja na wasiwasi kama wewe ndo wa kwanza kufika. Huu mji umezoea wamisionari kabla Kigoma yenyewe haijawa mji. Reli imefika Kigoma 1914, kabla ya hapo mji ni Ujiji. Watu wa London Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kiingereza, waliingia Ujiji Agosti 1878, mmoja wao Thomson akafa Septemba, yani hata mwezi na nusu hakumaliza. Mwaka uliofuata 1879 akaja mwingine anaitwa Dodgshun, huyo alifika ana wiki moja tu ya kuishi. Mapadri weupe, lile shirika la wamisionari wa Kikatoliki, nao wakafika Januari 1879, hawakukaa, wakavuka kwenda Rumonge upande wa Burundi na kule wenzao watatu wakauawa 1881. Hizo ndo zilikuwa siku za kwanza za wenzio hapa. Wewe umepewa migebuka unalalamika.

Waliofika kipindi kile walikuta mji una wenyewe, mkubwa wao Mwinyi Kheri, na biashara yake, na dini yake, na watu wa kila namna, Wajiji, Wamanyema, Waarabu, Wanyamwezi waliokuja na misafara. Mgeni yeyote lazima awe mgeni wa mtu. Sasa katika wale wa London kuna mmoja, Hore, huyo hakuwa mchungaji, alikuwa baharia. Yeye kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka ziwa na mashua anachora ramani, anashuka kijiji hiki anasalimia, anapanda anaenda kile. Akabaki kwenye ziwa hili mpaka 1888. Mimi nikisoma habari zake nasema huyu jamaa alielewa, wenzake walikuja kusema yeye alikuja kujulikana kwanza.

Haya turudi kwako. Una mzee Mmanyema mwenye nyumba, wa Ujiji, mtu wa kanzu, kila mwezi unampa hela mkononi, halafu unaulizwa mwenyeji wako nani unakosa jibu?? Dogo! Mwenyeji wako ni huyo. Mfuate siku ambayo si ya kodi, mwambie mzee mimi ni mgeni wako, nimekuja na kazi hii na hii, naomba unipitishe kwa watu. Usimfiche. Mwambie wazi mimi mhubiri wa Kikristo. Utashangaa atakavyokupeleka mwenyewe mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka barazani, maana ukishakuwa mgeni wake heshima yako ni heshima yake. Huku kwetu mtu hachukiwi kwa dini yake, ukoo mmoja utakuta Juma na Yohana ni watoto wa baba mdogo na baba mkubwa na kwenye msiba wote wako jikoni. Kinachochukiwa ni mtu wa kuzunguka zunguka, leo anakuja na sukari, kesho na dawa ya mbu, keshokutwa ndo anatoa kitabu chini ya koti.

Na mengine ya haraka haraka, Ijumaa mchana usipite Ujiji kugonga milango, mwezi wa Ramadhani mchana vilevile waache watu. Nyumba ukimkuta mama peke yake nyie vijana wawili simameni nje, msalimieni, ulizeni baba yupo, ondokeni. Ukikaribishwa kwenye yale malumbano ya kitabu changu kitabu chako, we kunywa kahawa yako usiingie, hata ukishinda umeshindwa. Na usianze mazungumzo na Livingstone na Stanley na ule mwembe waliokutana chini yake. Kila mgeni anaanza na mwembe, na ule wenyewe wa 1871 ulishakufa zamani, iliyopo sasa ni uzao wake. Wazee wamechoka.

---

Mama Mawese wa Heru Juu

Marahaba mwanangu, karibu sana, kwanza nimecheka hapo pa mlingoti nimemsomea mzee wangu naye kacheka.

Mimi si huyo jirani yako lakini ningeweza kuwa mimi, kazi moja. Sikiliza mama yako. Mikono yako iko huru hiyo, hakuna aliyekufunga. Mama akikupigia makofi na wewe inama kidogo, piga na wewe taratibu, usiwahi kumzidi, yeye ndo anaongoza kwa sababu mkubwa. Atakuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, wazee, watoto, shamba, mvua, kote huko ujibu. Wewe hapo unaona muda unapotea, mwenzio anakupokea. Ukiikata katikati ukaanza naomba nikwambie habari njema, basi umemuacha mtu mlangoni umeingia mwenyewe ndani. Vijana wengi wa mjini wanakosea hapo, hata wa kwetu wenyewe sa hivi wanasalimia kama wanafukuzwa na mbwa.

Bibi zetu wengine Kiswahili chao kidogo, wanasikia ila kujibu wanarudi Kiha. Usiende kwao na mkalimani wa kanisani aliyevaa tai, nenda na mjukuu wa nyumba hiyo hiyo. Na wewe jifunze, jirani yako huyo huyo atakufundisha bure huku anapima mafuta, na ukishajua Kiha kidogo Warundi nao utasikilizana nao tu.

Lingine ambalo kaka hapo juu hajalisema kwa sababu si la kwake. Umewasalimia wachungaji waliokutangulia? Uha huku si pori, mwanangu. Waanglikana dayosisi yao ya Western Tanganyika makao yako Kasulu, Wakatoliki wana jimbo zima la Kigoma, Wasabato wana hospitali yao ya Heri miaka mingi, Wapentekoste ndo usiseme. Ukipita mlango kwa mlango unagonga milango ya kondoo za watu, mchungaji anasikia kuna vijana wametoka Mbeya wanazunguka kwenye waumini wake unafikiri atalala? Nenda kapige hodi, umwambie mimi fulani nimetumwa na fulani, Jumapili moja ukasali kwake ukae nyuma. Haikupunguzii kitu.

Ndizi zipo. Nenda Mwanga asubuhi ulizia za Manyovu, zinashuka na magari. Chukua mkungu, mpelekee jirani nusu akupikie na mawese, utasahau hizo za kwenu.

---

Sina Haraka

Mi naomba kuuliza tu kwa nia njema. Kigoma hii kila kona kanisa, kila jioni spika, tumeletewa tena wamisionari wa nini? Mngetuletea mashine ya kukamulia mawese tungewaimbia wenyewe haleluya bila kufundishwa.

---

Kijana wa Tukuyu

Mkuu Sina Haraka nimekusikia na sina hasira, hata mimi nimejiuliza hivyo hivyo nikiwa nimekaa kwenye basi. Jibu langu kwa sasa ni kwamba nimetumwa na nimekubali kutumwa. La mashine siliwezi, lakini mikono ninayo, mama yeyote anayekamua hapa Gungu akitaka kijana wa kusukuma aseme.

Mwana Kasingirima na Mama nawasoma kwa makini, nimeanza kuandika pembeni.

---

Mama Mawese wa Heru Juu

Hahaha Sina Haraka kashikwa. Mwanangu usiseme hivyo hadharani utakuja kuitwa na mji mzima, ile kazi ya kukamua si ya mchezo, chikichi zichemshwe zitwangwe zikamuliwe, mpaka kuweka shati jeupe pembeni. Ila ukienda kweli hutahitaji kugonga mlango tena mwaka mzima.

---

Nahodha wa Kibirizi

Lekadutigite, kama tunavyosema Kigoma! Karibu dogo.

Wote hapo juu wamekuambia ya mjini, ngoja mimi nikwambie ya mwaloni, huku ufukweni mitumbwi ya wavuvi inakoshushia samaki. Najua mtakuja Kibirizi, kila mhubiri lazima aje Kibirizi anaona watu wengi. Na kila mhubiri anakuja saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mvuvi amelala au anagombana na hesabu, usiku kucha alikuwa ziwani na taa anavua dagaa, macho mekundu, wewe unamwambia simama tuombe. Atakuitikia amina ili uondoke.

Sasa kaa na hii. Dagaa anafuata mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina maana, dagaa anatawanyika, mitumbwi inapumzika. Hizo siku ndo wanaume wako nchi kavu, wanashona nyavu, wanatengeneza injini, wanapiga stori, wanakunywa chai mpaka wanachoka. Ukitaka kuongea na mvuvi angalia mwezi usiangalie kalenda ya kanisa. Njoo na mwenzako, kaeni kwenye mchanga, mtu akikupa sindano ya kushonea nyavu usikatae, utafundishwa. Wakati mikono inafanya kazi watu wanasema mambo yao yote, ndoa, madeni, mtoto anaumwa, mwenzetu aliyezama. Hapo hata mhubiri mbovu anapata la kusema.

Na kuna ile miezi ziwa linafungwa. 2024 lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne zinazolizunguka, samaki wapate kuzaliana. Wakati huo mwaloni unakuwa mpweke, watu hela hawana na muda wanao tele. Ukija kipindi hicho kwa ajili ya sadaka tutakujua, na ukija kwa ajili yetu tutakujua pia.

Halafu pale mwaloni Wakongo wengi, Wabembe, Wagoma, wafanyabiashara wa Kalemie na Uvira. Kiswahili chao kina mwendo wake, usimcheke mtu wala usimsahihishe. Kuimba wanawazidi, hilo nalo mkubali mapema.

---

Mtume Mstaafu

Bwana asifiwe kijana. Mimi nilitumwa Tabora nikiwa na umri kama wako, baadaye Kigoma, sasa ni mzee na nina wajukuu. Nitaongea kidogo kwa urefu, mnivumilie.

Nianze na spika. Mwenzako si mtu mbaya, ni kijana, anataka kuona watu wanainua mikono ili aandike kwenye ripoti. Mwambie hivi, mkutano wa hadhara una taratibu zake, unapeleka taarifa polisi, unapitia serikali ya mtaa, uwanja una mwenyewe. Nyie hapo barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa mmeshapeleka? Kama bado, spika itawafikisha kituoni kabla ya kuwafikisha kwa mwenye dhambi. Na hata kibali mkipata, Mwanga sokoni kila mtu ana spika, wa dawa za meno, wa nguo za mtumba, wa mitandao ya simu. Mtakuwa mnashindana na promosheni ya vocha.

Lingine, huu ni mkoa wa mpakani. Kitambulisho chako cha NIDA usikiache nyumbani, watu wa uhamiaji wana haki ya kukuuliza na wewe lafudhi yako ya Kinyakyusa itakusaidia lakini usiitegemee. Mkisikia habari za kambi ya Nyarugusu, kwamba kuna makumi ya maelfu ya Wakongo na Warundi wana kiu ya neno, ni kweli, kambi ipo tangu 1996, lakini hamuingii kule kwa imani tu, kuna kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Tena makanisa ya wakimbizi wenyewe yamejaa, na wachungaji wao wamepitia mambo ambayo mimi na wewe tungeyasikia tu tungekaa chini.

Sasa jioni. Hiyo ya jioni hakuna semina inayoifundisha. Mimi Tabora nilikuwa nasikia treni ya Dar inapiga honi stesheni natamani kudandia. Kilichonisaidia ni kuwa na kazi ya mikono saa kumi na mbili, saa hiyo hiyo inapouma. Nilikuwa nachota maji na vijana wa mtaani, tunapiga foleni bombani, wananifundisha Kinyamwezi cha matusi kwanza ndo cha salamu kikafuata. Usijifungie ndani na simu ukawapigia nyumbani kila siku, mama yako atalia, wewe utalia, bando litaisha. Piga siku moja ya wiki mliyokubaliana. Na siku ya kupumzika mpumzike kweli, fueni nguo, nendeni mkaoge ziwani mahali wenyeji wanapooga, si mahali mliposhauriwa na mtoto. Neti mlalie.

Mwenzako wa Dodoma mtagombana, nakuhakikishia, na mtagombana kwa sababu ya vyombo si kwa sababu ya theolojia. Wekeni zamu ukutani.

Halafu nataka nikupe mtu wa kumfikiria, maana umepita Mpanda. Pale ukishuka kuelekea ziwani kuna Karema. Mwaka 1889 alifika pale kijana mmoja anaitwa Adrien Atiman. Si Mzungu. Kwao ni huku inakoitwa Mali leo, alitekwa utumwani akiwa mtoto, mapadri weupe wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Akaja Karema akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu kama wewe, hajui lugha ya watu wale, rangi moja nao lakini mgeni kabisa, katekista na daktari kwa pamoja. Akaoa pale pale. Akajifunza dawa za miti kwa waganga wenyeji akazichanganya na alizosomea. Alikaa mpaka alipofariki 1956. Piga mwenyewe hesabu ya miaka. Wazungu waliomleta wengi walikuja wakaondoka, wengine wakazikwa, yeye akawa mtu wa Karema. Mimi si Mkatoliki, ila huyo namvulia kofia, na wahubiri wengi wa ziwani wangemfikiria wangepunguza kelele.

Kuhusu ripoti andika ukweli. Andika tumekula kwa fulani, fulani mtoto wake anaumwa, mzee fulani ametuuliza swali. Mchungaji mwenye akili ataelewa mnafanya kazi. Asiye na akili ataomba idadi, mpe idadi ya milango mliyokaribishwa chakula.

---

Sina Haraka

Hiyo ya Atiman sikuijua aisee, pamoja na kukaa kwangu hapa. Haya dogo nimerudisha mashambulizi nyuma. Ila spika hapana.

---

Kijana wa Tukuyu

Nimerudi wakuu. Mzee wangu Mtume Mstaafu shikamoo, la vyombo umelijuaje, leo asubuhi tu tumenuniana kwa sababu ya sufuria.

Nimekaa na mwenzangu nimemsomea majibu yenu yote. Kwenye spika amekubali kusubiri, kwa shingo upande lakini amekubali, kilichomshika si kibali bali ile ya kushindana na promosheni ya vocha, kacheka mwenyewe. Barua ya utambulisho tulikuwa nayo ndani ya begi tangu tufike hatujaipeleka popote, tulidhani ni ya kuonyesha tukiulizwa.

Mama, nimepiga makofi leo. Jirani kaita watoto wake waje kuangalia. Wamenicheka lakini kanipa kikombe cha mawese bure.

Sasa swali moja kwa kaka Mwana Kasingirima. Umesema nimfuate mzee mwenye nyumba siku ambayo si ya kodi. Naenda mikono mitupu au nabeba kitu? Maana umesema watu hawapendi mtu wa sukari, na kwetu kwenda kwa mzee mikono mitupu ni aibu. Na nimfuate kwake Ujiji au nimsubiri aje? Na mwenzangu aende au niende peke yangu?

---

Mwana Kasingirima

Swali zuri hilo, umeanza kuuliza kama mtu wa hapa.

Mfuate kwake. Akija yeye amekuja kwenye mali yake, ukienda wewe umekwenda kwa mzee. Nendeni wote wawili, akiwaona pamoja hatahisi mmoja anaficha jambo. Alasiri, baada ya swala, mtamkuta nje na wenzake, na hiyo nzuri zaidi kwa sababu akikupokea mbele yao kazi ya kukutambulisha ameshaifanya bila kusimama. Daladala za Ujiji unazijua, mshuke muulize jina lake, mtoto yeyote atawapeleka.

Sukari beba kilo moja, na majani ya chai. Sukari niliyoisema mimi ni ile unayompa mtu ili umfungulie kitabu. Hii unampa mwenyeji wako kwa sababu ni mzee na wewe umetoka mbali, na utakapoitoa usiseme neno la dini hata moja siku hiyo, salimia, jieleze, kaa, ukiambiwa kula ule, omba ruhusa uondoke. Mengine atayaanzisha mwenyewe, nawajua wazee wa kwetu, ukikaa kimya ndo wanazidi kukuuliza.

Na kodi ilipwe kwa tarehe. Hapo ndo atakapopima ushuhuda wako.

---

Mama Mawese wa Heru Juu

Kilo moja ndogo kwa vijana wawili, wabebe mbili. Na mashati wapige pasi.

---

Nahodha wa Kibirizi

Mkimaliza ya Ujiji njooni huku, wiki ijayo mbalamwezi inaanza. Msije na viatu vya kung'aa. Mwaloni ulizeni mtumbwi wenye injini mbovu, mtaelekezwa kwangu moja kwa moja.